Chapati Mbili za Usaili wa Kasulu

Safari hii ilianza nikiwa ndani ya maji hadi magotini, natoa muhogo tuliokuwa tumeuloweka kwenye kijito cha chini ya shamba letu, nje kidogo ya mji wa Kibondo. Mdogo wangu Anitha alikuwa amekaa ukingoni ameshika simu yangu. Kazi yake ilikuwa kuilinda isiingie maji, ingawa kwa kweli alikuwa anaichezea. Ghafla akanyamaza, na Anitha hanyamazi bure.

"Dada," akasema, "unaitwa Kasulu."

Nikauacha muhogo ukielea, nikapanda ukingoni. Ujumbe ulikuwa mfupi: nimechaguliwa kwenda kwenye usaili wa mpango wa walimu wa vijijini, nifike Kasulu wiki inayofuata, na nijiandae kufundisha somo fupi mbele ya jopo. Niliusoma na kuurudia huku mikono ikinuka muhogo, na kila mara ulisema jambo lile lile.

Kwa msioujua, mpango huo huchukua walimu vijana waliomaliza chuo, huwapa mafunzo, kisha huwapeleka shule za vijijini zenye uhaba wa walimu, na ukimaliza muda wako vizuri, njia ya ajira inakuwa nyeupe. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi kupita kiasi. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo zamani kidogo, na tangu hapo nikawa najitolea katika shule ya msingi ya kijijini kwetu, ambako wazazi walinishukuru kwa maharage. Nayapenda maharage, lakini mama alikuwa ameanza kuniangalia kwa jicho la huruma, na jicho la namna hiyo likikukalia muda mrefu linachosha. Mjomba wangu wa Gwarama ana duka la pembejeo, na tulikuwa tumeshakubaliana kwamba usaili huu ukishindikana, nahamia kwake kuuza mbolea na mbegu. Sina ugomvi na mbolea. Ila nikiwa darasani mbele ya watoto huwa nasahau hata kwamba sijala, na kwa mtu kama mimi, anayependa kula kuliko anavyopenda kukiri, hiyo si dalili ndogo. Kwa hiyo mbele yangu kulikuwa na mambo mawili tu: ama darasa, ama duka.

Siku iliyofuata wakanitumia somo nitakalofundisha. Lilikuwa hesabu za darasa la nne, sehemu: nusu, robo na robo tatu. Nikaandaa andalio la somo kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, na mahali pa zana za kufundishia nikaandika: chapati moja. Mkuu wa shule yetu, Mwalimu Bosco, akalisoma huku akijikuna kidevu.

"Kwa nini chapati, mwalimu? Wenzako watakuja na karatasi za rangi."

"Chapati ni duara tayari, mkuu. Na hakuna mtoto atakayesinzia anaiangalia."

Akacheka, akasema Mungu anitangulie. Sote wawili ni watu wa huku, tumekulia huku, na bado tulikuwa tumesahau jambo moja ambalo mtoto wa darasa la nne halisahau. Mtaliona mbele.

Asubuhi ya kuondoka, ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba na baridi ya milima yetu ilikuwa inauma masikio. Mama alinisindikiza hadi stendi ya Kibondo akiwa amebeba dumu la asali, zawadi ya mwenyeji wangu wa Kasulu. Nilimwambia begi linanitosha, dumu litanisumbua. Hakunisikiliza.

"Oya, hapana," akasema. "Utalala kwa mtu umekuja mikono mitupu? Mama Salma ananunua maharage yangu miaka yote. Mpe, umwambie nimemsalimu sana."

"Na mimi uniletee kitu kitamu," akadakia Anitha.

Basi lilipowaka, mama alishika mikono yangu yote miwili kupitia dirishani, kama tunavyosalimiana sisi, bila haraka ya kuiachia. "Ugende amahoro, mwana wanje," akaniambia, niende kwa amani. Konda akapiga kelele kwamba gari si la mtu mmoja, na mama ndipo akaniachia.

Barabara ya Kibondo hadi Kasulu, kwa mlioondoka zamani, sasa ni lami. Vumbi jekundu tulilokuwa tunashuka nalo mpaka kwenye kope halipo tena, na abiria hawana cha kulalamikia, jambo ambalo nadhani limewapunguzia maongezi. Nilikaa dirishani na dumu kati ya miguu. Nje yalipita mashamba ya maharage, muhogo uliokatwakatwa ukianikwa juu ya mawe, na wanawake waliokuwa wanapanda vilima na majembe begani.

Kwenye daraja la Malagarasi nilimkumbuka bibi yangu. Bibi alikuja nchi hii kwa miguu akitokea Burundi wakati wa machafuko, mama yangu akiwa mgongoni, mchanga kabisa. Nyumba ya kwanza waliyobisha hodi upande huu, walikuta watu wameepua muhogo wa kuchemsha na wanagawana. Mwenye nyumba hakuuliza wametoka wapi. Alikata kipande cha kwanza, kikubwa kuliko vyote, akampa bibi, ndipo akaendelea kuwagawia wanawe vilivyobaki. Bibi alikuwa anatusimulia hilo kila tulipokaa kula. Leo sisi ni raia kama wengine, lakini nyumbani kwetu utaratibu ni ule ule, na nyumba nyingi za huku kwetu ziko hivyo: chakula kikigawanywa, kipande cha mgeni kinakatwa kwanza na kinakuwa kikubwa. Wa nyumbani wanafuata. Nikiwa mdogo nilikuwa naomba Mungu atuletee wageni wachache na wenye matumbo madogo.

Kabla ya Makere basi likasimamishwa kwenye kizuizi, na afisa wa uhamiaji akapanda kukagua vitambulisho. Alikiangalia changu, akaniangalia mimi, halafu akaliangalia dumu.

"Unaenda wapi, Goreth?"

"Kasulu, afande. Kwenye usaili wa ualimu."

"Hesabu unafundisha?"

"Nafundisha."

Akanirudishia kitambulisho. "Basi ukipata, waombe wakulete huku Makere. Mwanangu nyumbani akiona hesabu tu anaumwa tumbo." Basi zima likacheka, na mzee wa kiti cha mbele akasema hata yeye tumbo hilo analo mpaka leo. Nikashukuru. Nilikuwa nimepanda gari na wasiwasi, na watu hawa walikuwa wamenipunguzia.

Mchana niliingia Kasulu. Duka la vitenge la mume wa Mama Salma liko karibu na soko, na nyumba iko nyuma yake. Mama Salma amezaliwa Ujiji na mama yake alitoka Tanga, kwa hiyo ukiingia kwake unasikia Kiswahili kilichonyooka na harufu ya iliki kabla hujaona kiti. Nikampigia goti kidogo nikampa dumu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, starehe. Asali yote hii? Mama yako ataniua kwa ukarimu. Hajambo lakini? Maharage yake ninayouza sokoni yameniharibia wateja, hawataki mengine."

Aliniwekea wali wa nazi na migebuka ya kukaanga, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, mikubwa, imekauka vizuri nje na laini ndani. Nilikula, nikaongezwa, nikala tena. Katikati ya kula akaniuliza kesho nitafundisha nini, nikamweleza habari ya chapati na kwamba nilikuwa na mpango wa kuinunua kwa mama ntilie asubuhi. Akaweka kijiko chini.

"Chapati ya kununua, iliyolala? Ukiikata inavunjika. Utawafundisha watoto makombo badala ya hesabu. Hiyo kazi niachie mimi."

Alfajiri nikamkuta jikoni, unga umeshakandwa, kikaango kimeshapata moto. Alisukuma chapati mbili, za duara lisilo na kasoro, na kila moja akaizungusha kwenye mafuta kwa vidole bila hata kukunja uso. Alizifunga kwenye kitambaa safi.

"Moja ya somo," akasema. "Ya pili yako. Usaili unachelewesha watu, na wewe nimeshakuona, njaa huiwezi."

Sikubishana naye.

Shule ya usaili ilikuwa juu ya kilima, upande wa njia ya Kabanga. Nilikuta benchi chini ya veranda na wasailiwa wamekaa wamenyooka, kila mmoja na mzigo wake wa karatasi. Jirani yangu alikuwa kijana aitwaye Baraka, katoka Mwanza, na alikuwa na chati za rangi zilizobandikwa juu ya mbao nyepesi, michoro ya mawingu na mvua utafikiri imetoka kiwandani.

"Dada, wewe zana zako ziko wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kitambaa. Akanusa.

"Hapo umeua," akasema. "Mimi sijanywa hata chai. Huu mchongo mgumu, ila nikikosa leo, angalau nimenusa."

Alipotoka kufundisha alikuwa anatabasamu, watoto walikuwa wanamwimbia. Nikafurahi kwa ajili yake.

Nilipoitwa, niliwakuta watoto wamesimama. Nyuma ya darasa, kwenye madawati ya watoto, magoti juu, walikaa watu watatu wa jopo. Mwenyekiti alikuwa Madam Felista, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Pembeni yake Bwana Msangi, mrefu, katoka makao makuu ya mpango Dar es Salaam, saa yake ameivua na kuiweka juu ya dawati. Wa tatu alikuwa dada mmoja kijana ambaye kazi yake ilikuwa kuandika. Mwalimu wa darasa akawaambia watoto maneno machache kabla ya kutoka: "Leo mna wageni. Nataka adabu." Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, na hayakuniamsha.

Nilianza vizuri. Tulisalimiana, tukaimba kidogo, nikachora duara ubaoni, nikaandika nusu na robo. Halafu nikatoa chapati. Darasa lote likanyooka. Nikawaita watoto wanne mbele na nikamchagua mmoja wao, binti mdogo wa dawati la kwanza anayeitwa Yusta, awe mgawaji.

"Yusta, gawa chapati hii, wote mpate sawa."

"Mwalimu, ninawe?"

Sikuweza kumkatalia mtoto kunawa. Akatoka nje kwenye ndoo ya maji yenye koki, akanawa taratibu na sabuni, kwa sababu kuna watu wanaangalia, akarudi ananing'iniza mikono ikauke. Bwana Msangi akaiangalia saa yake.

Yusta akaishika chapati. Lakini badala ya kuwaangalia wenzake watatu, akaangalia nyuma ya darasa. Niliona macho yake yakipita juu ya jopo, mmoja, wa pili, wa tatu. Ndipo nikaelewa kinachokuja, na nilikuwa nimechelewa. Akamega kipande kikubwa. Akamega kingine kikubwa. Akamega cha tatu. Kilichobaki mkononi, kilichokuwa kama sikio la mbuzi, akakigawa mara nne. Kisha akatembea hadi nyuma, akapiga goti, akamnyooshea Bwana Msangi kipande chake kwa mikono miwili.

"Asante sana, mtoto," akasema Bwana Msangi kwa upole. "Sisi tumeshakula. Gawana na wenzako."

Darasa likawa kimya. Si kimya cha adabu, ni kile kimya cha nyumbani mgeni anaposukuma sahani. Yusta alibaki amepiga goti, mikono imenyooka, hajui aende wapi. Mimi mwenyewe nilihisi aibu, kana kwamba mtu amekataa muhogo wa bibi yangu.

"Pokea, Bwana Msangi," akasema Madam Felista kwa sauti ya chini, na yeye akachukua chake akaanza kutafuna. Bwana Msangi akapokea. Dada mwandishi akaweka kalamu chini akala pia. Watoto wakapumua.

Mbele kulikuwa na watoto wanne, kila mmoja na kipande cha kuweka kwenye jino moja. Ubaoni palikuwa na robo niliyoandika kwa chaki. Hapakuwa na robo ya kitu chochote popote darasani. Nawaambia ukweli, niliisikia harufu ya mbolea ya Gwarama pale pale niliposimama.

"Yusta," nikauliza, "umegawa sawa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbona vile vya nyuma ni vikubwa?"

Akaniangalia kwa kunionea huruma. "Wale ni wageni, mwalimu."

"Na nyinyi?"

"Sisi tuko nyumbani."

Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Chuoni tulifundishwa kumsahihisha mtoto papo hapo kabla kosa halijaota mizizi. Lakini ningesahihisha nini? Ningemwambia awanyime wageni? Bibi yangu alikula siku ile kwa sababu mtu mmoja aligawa vibaya kama Yusta. Nikasimama pale na chaki, muda unakwenda, na ndipo nikakumbuka kitambaa. Chapati ya pili, chakula changu, ilikuwa bado na joto.

"Vizuri," nikasema. "Wageni wamekula?"

"Ndiyooo."

"Wameshiba?"

Watoto wote wakageuka kumwangalia Bwana Msangi. Akafuta midomo kwa leso. "Tumeshiba," akasema. "Asanteni."

Nikaitoa chapati ya pili. "Basi hii haina mgeni ndani yake. Ni ya wa nyumbani peke yao. Yusta, wagawie wanne."

Mara hii hakufikiri hata kidogo. Aliikunja katikati, akaikunja tena, akachana. Wenzake walivipandanisha vipande kimoja juu ya kingine kuhakikisha hakuna aliyepunjwa, maana kwa wa nyumbani hakuna msamaha. Vilikuwa sawa.

"Kila mmoja kapata nini?"

"Robo!"

"Na kile alichokula mgeni, kilikuwa robo?"

Mvulana mmoja wa pembeni akasimama. "Hapana, mwalimu. Kile kilikuwa kikubwa tu. Robo lazima ziwe sawa."

Nilitaka kumkumbatia. Nikageuka ubaoni niandike alichosema, nikaanza na robo tatu, na dada mwandishi akagonga dawati. Muda ulikuwa umekwisha.

Baada ya mapumziko wakaniita tena, sasa kwenye ofisi ya walimu, kwa maswali. Bwana Msangi alikuwa na andalio langu mbele yake.

"Umeandika kwamba mwisho wa kipindi wanafunzi watakokotoa robo tatu. Wamekokotoa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Chapati ya kwanza iliishia kwa wageni."

Dada mwandishi akakohoa. Bwana Msangi hakucheka. "Yule mtoto hukumsahihisha."

"Hakukosea," nikasema. "Nimekosea mimi. Nimeleta chakula mbele ya wageni, halafu nikamwambia agawie wenzake tu. Mtoto wa huku hawezi kufanya hivyo. Nilitakiwa kujua, maana hata mimi siwezi."

"Sawa. Lakini mtihani utamuuliza robo. Hautamuuliza wageni."

Alikuwa amesema kweli, na nikamwambia hivyo. "Ndiyo maana nikatoa ya pili."

"Ya pili ilikuwemo kwenye andalio?"

"Hapana. Ya pili ilikuwa chakula changu cha mchana."

Hapo hata yeye akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani yake ya kusomea. Madam Felista akasubiri mpaka tukatulia.

"Utaratibu wetu, mwalimu," akasema, "hatumpangi mtu mkoani kwao. Tukikupeleka mbali, ambako hujui hata mtu mmoja, utaanzaje?"

"Nitakula nitakachopewa," nikajibu, "halafu nitajifunza majina ya watoto."

Nilijibu haraka, kwa moyo mweupe, kama mtu aliyeulizwa kama anataka kuongezwa wali. Neno mbali lilinipita masikioni bila kunigusa.

Jioni Mama Salma alitaka kusikia kila kitu. Nilipofika kwenye goti la Yusta alishika kiuno akacheka, nilipofika kwenye chapati ya pili akasema alijua. Majibu yangetumwa kwa simu kabla ya wiki kuisha. Nilitaka kuondoka kesho yake, akakataa katakata, na mimi si mtu wa kukimbia jiko kama lile. Nikabaki hadi Jumamosi nikimsaidia dukani kukunja vitenge. Kila simu ilipolia nilishtuka, na kila mara alikuwa ni mjomba wa Gwarama akiuliza kama aanze kunitafutia chumba.

Jumamosi asubuhi Mama Salma akanifungia mkate wa sinia, wa mchele na nazi, mzima, wa kumpelekea mama. Kwenye basi niliupakata mapajani, maana sikumwamini mtu.

Tulikuwa tumeshavuka kizuizi na tunakaribia Malagarasi simu ilipotetemeka. Nimechaguliwa. Mafunzo yanaanza mwezi ujao, kituo changu cha kazi ni Tandahimba, mkoani Mtwara.

Nilifurahi mpaka nikamshika bega mama niliyekaa naye, nikamwambia nimepata kazi, naye akanipigia kigelegele kifupi ambacho kilimwamsha dereva msaidizi. Nikampigia Baraka, naye alikuwa amechaguliwa, kapangiwa Manyara, akasema kule ng'ombe ni wengi kuliko minara ya simu. Halafu nikamuuliza yule mama kama anaijua Tandahimba.

"Kwenye korosho," akasema. "Huko mwisho kabisa wa nchi, upande ule mwingine."

Basi likaingia darajani. Niliangalia maji chini, na kwa mara ya kwanza lile neno la Madam Felista likanifikia. Nikawaza kijito cha chini ya shamba letu na muhogo uliolowekwa, na nani atasimama humo mwezi ujao. Nikaamua mama nitamwambia baada ya chakula, tukiwa tumetulia.

Nilifika nyumbani jua likiwa limeanza kulegea. Mlango ulikuwa wazi. Nikasimama kizingitini na mkate wangu mikononi, na sijui kwa nini, midomo ikasema yenyewe:

"Hodi."

Anitha akacheka ndani. "Dada anabisha hodi kwao!"

Mama hakucheka. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akainua uso akaniangalia kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akainuka, akashika mikono yangu yote miwili, tukasalimiana salamu zote: za njiani, za Kasulu, za Mama Salma na za mume wake. Hakuniuliza majibu, na mimi sikuyatoa.

Tukakaa. Mama akanawa, akauweka mkate wa sinia katikati, akachukua kisu. Jirani yetu mmoja alikuwa amepita kunisalimu na ameshaondoka, kwa hiyo tulikuwa watatu tu, watu wa nyumba moja. Mama akakata kipande cha kwanza. Kilikuwa kikubwa. Nikatazama mlangoni kuona nani anaingia. Hakuna aliyekuwa anaingia. Akakiweka kwenye sahani, akaninyooshea mimi, kwa mikono miwili.

"Mawe," nikamwita mama kwa lugha yetu, "hiki ni cha mgeni."

"Yego," akakubali mama. "Wanakupeleka wapi?"

Ikabidi nimwambie hapo hapo, kabla ya kuonja. Nikamwambia Tandahimba. Akauliza kama kuna baridi, nikasema hakuna. Akauliza kama kuna maharage, nikasema kuna korosho. Akatikisa kichwa, akaendelea kukata vipande viwili vidogo, cha Anitha na cha kwake, vilivyolingana kabisa.

"Mbona dada kapewa kikubwa?" akauliza Anitha.

"Huyo ni mgeni," mama akamjibu. "Sisi tuko nyumbani."

Nilienda Kasulu nikidhani naenda kuonyesha ninavyojua kugawanya kitu mara nne. Nilichojifunza nilikijulia nyumbani, nikiwa na kile kipande mikononi, kitamu, cha nazi, kikubwa kuliko nilichotaka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na njaa. Nikamkumbuka Yusta alivyobaki amepiga goti mikono imenyooka, nikakipokea, nikakila chote.